Chachuka si chachusha: Mgema, mzabibu mkongwe na divai isiyotiwa kitu

Mfasiri mmoja ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu aliniletea juma lililopita maelezo ya chupa ya divai kutoka Ufaransa. Alikuwa amepewa kazi ya kuyatafsiri kwa Kiswahili, na programu ya kompyuta ilikuwa tayari imempa jibu: "divai ya asili kutokana na mizabibu ya zamani". Akaniuliza, "Prof, hii ina kasoro gani? Mbona inasomeka vizuri?"

Inasomeka vizuri kweli. Tatizo ni kwamba haisemi kilicho ndani ya chupa. Mzabibu wa zamani, katika Kiswahili cha kila siku, ni kama mume wa zamani au mbunge wa zamani: alikuwepo, sasa nafasi hiyo hana. Mkulima anayekusudiwa hapa anachuma kutoka kwa mizabibu iliyo hai, iliyosimama shambani hivi leo. Na hilo neno "asili" nalo limebebeshwa mizigo mingi mno. Liko kwenye sabuni, liko kwenye dawa ya meno, liko hata kwenye asali iliyochanganywa na sukari guru. Neno likishasema kila kitu, huwa halisemi chochote.

Ninavyoona mimi, Kiswahili kina maneno ya kulieleza jambo hili kwa usahihi kuliko hata Kifaransa chenyewe, na maneno hayo tumeachiwa na mgema wa mnazi. Lakini kabla ya kukipa kitu jina ni sharti ukijue. Tuanze basi na mkulima.

Katika kijiji cha Villié-Morgon, eneo la Beaujolais nchini Ufaransa, aliishi Marcel Lapierre, aliyezaliwa mwaka wa 1950 na kufariki mwaka wa 2010. Alirithi shamba la babake mwaka wa 1973. Udongo wa huko ni wa mawe ya matale, na mzabibu unaopandwa ni aina ya Gamay, ambayo mtawala wa Burgundy, Philip, aliipiga marufuku katika himaya yake mwaka wa 1395 kwa madai kwamba ni mmea usio mwaminifu. (Ajabu ya wanadamu: hata mimea huitwa misaliti pale wakubwa wasipoipenda.) Ikafukuzwa kaskazini, ikastawi kwenye vilima vya Beaujolais, na huko imebaki hadi leo.

Lapierre aliikuta Beaujolais imelewa sifa. Kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, divai changa ya eneo hilo, iliyovunwa majuma machache tu kabla, hufunguliwa kwa mbwembwe kote duniani. Katika miaka ya 1970 na 1980 sherehe hiyo ilikuwa imepamba moto. Wateja walikuwa wengi kuliko mizabibu. Wakulima wakafanya nini? Mizabibu ikapewa mbolea nyingi ili izae vichala vingi. Zabibu za mizabibu iliyozidishiwa mzigo huwa na sukari haba, kwa hivyo sukari ya dukani ikamwagwa ndani ya mapipa ili kileo kipande. Njia hiyo ya kuongeza sukari hupewa jina la Jean-Antoine Chaptal, mwanakemia na waziri wa Napoleon, aliyeieneza mapema katika karne ya 19, na hadi leo sheria huiruhusu kwa kiasi. Kisha ikatiwa hamira iliyokuzwa maabara, kwa sababu hamira hiyo hufanya kazi haraka na haina vituko. Mwisho ikatiwa salfa ili isiharibike njiani. Ladha ikawa moja kutoka kijiji hadi kijiji.

Sasa msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na methali ameshatambua kisa hiki. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kwa zaidi ya miaka 30 nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza maana ya methali hiyo. Jibu huja kwa sauti moja: mtu akisifiwa mno huharibu kazi. Ndivyo walivyofunzwa shuleni, na si vibaya. Lakini ukiwauliza mgema ni nani, na kwa nini atie maji na si kitu kingine, darasa hunyamaza. Mmoja aliwahi kunieleza, bila hata kutabasamu, kwamba mgema ni mtu anayemwogesha ndovu. Kiambishi -li- katika "hulitia" kingemwokoa, maana ndovu hapatani hivyo. Ni kinywaji ndicho kinachoingia katika ngeli ya LI-YA. Tembo hili kali, tembo lile tamu.

Methali hii tumezoea kuifasiri kama onyo kuhusu majivuno. Mimi nahisi ni ya uchumi zaidi kuliko ya tabia. Mgema akisifiwa, wateja huongezeka. Wateja wakiongezeka, mnazi hauongezi utomvu kwa sababu yao. Mti hutoa kadiri yake. Tofauti kati ya kiu ya watu na kipawa cha mti ndiyo inayojazwa maji. Hata mgema mnyenyekevu kabisa, asiye na chembe ya majivuno, atajaribiwa. Kilichotokea Beaujolais ni hicho hicho, ila badala ya maji palikuwa na sukari, hamira na salfa.

Lapierre alikataa kuendelea hivyo. Mwaka wa 1981 alikutana na Jules Chauvet, mzee aliyekuwa mfanyabiashara wa divai na pia mwanakemia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amechunguza jinsi maji ya zabibu yanavyochacha bila kusaidiwa. Chauvet alifariki mwaka wa 1989, lakini mafunzo yake yalibaki kwa Lapierre na majirani zake watatu: Jean Foillard, Guy Breton na Jean-Paul Thévenet. Mambo waliyoyafanya yanaelezeka kwa maneno machache. Mizabibu haikunyunyiziwa dawa za kuua magugu. Ile ya umri mkubwa haikung'olewa. Zabibu zilichumwa kwa mkono zikiwa zimeiva sawasawa, na zilizooza zikatupwa. Vichala vizima, bila kupondwa, vikawekwa ndani ya tangi lililojaa hewa ya kaboni dioksidi, na uchachukaji ukaanza ndani ya kila tunda. Hawakuongeza sukari, hawakuongeza hamira, na salfa wakaiacha kabisa au wakatia kidogo sana wakati wa kufunga chupa.

Hapo ndipo ninapotaka tupumzike kidogo na sarufi.

Vitabu vya sayansi vya shule huita shughuli ya kugeuza sukari kuwa kileo "uchachushaji". Ni istilahi nzuri, lakini angalia viambishi vyake. Chachusha ina -sh- ya kauli ya kutendesha: yuko mtu anayekifanya kitu kichache. Chachuka haina mtendeshaji. Kitu chenyewe kinageuka. Mpishi wa maandazi huchachusha unga, maana ameutia hamira aliyoinunua dukani kwa makusudi. Tembo halichachushwi. Tembo huchachuka. Mgema huikata karara kwa kotama, huifunga, huning'iniza kibuyu, na utomvu unaodondoka humo huanza kugeuka hata kabla hajashuka. Chachu ziko hewani, ziko kwenye ganda la karara, ziko ndani ya kibuyu kilichotumika jana. Asubuhi ni tembo tamu ambalo hata mtoto angelionja. Jioni ni kali. Likilala siku kadhaa linakuwa siki, na watu wa Pwani hulitumia jikoni bila kuona hasara.

Tofauti kati ya divai ya kiwanda na divai ya Lapierre, basi, inaingia yote ndani ya konsonanti hizi mbili. Moja imechachushwa, nyingine imechachuka. Kifaransa na Kiingereza vinahitaji sentensi nzima, na kivumishi chenye utata juu yake, ili kusema jambo ambalo mnyambuliko wa kitenzi chetu unalisema kwa pumzi moja. Vilevile tuna hamira na chachu. Katika matumizi ya wengi hamira ni ile ya pakiti, ilhali chachu ni chochote kinachochachua, kiwe cha kununuliwa au kilichojileta. Mfasiri akiandika "divai iliyochachuka kwa chachu yake yenyewe, bila hamira" amesema kweli tupu, na mama muuza mahamri wa Mombasa atamwelewa kabla ya msomi wa Nairobi.

Lakini tahadhari hapa. "Yenyewe" isitufanye tudhani kwamba mkulima amelala. Chauvet alikuwa mtu wa darubini. Alihesabu na kuchunguza vijidudu kila hatua, kwa sababu bila salfa kosa dogo la usafi hugeuza tangi zima kuwa siki. Mgema naye ana kazi. Hupanda mti asubuhi na jioni, mvua na jua, akikata kipande chembamba cha karara kila mara ili tundu lisizibe. Kibuyu kikiwa kichafu, tembo linamwaibisha mbele ya wateja. Kuacha kutia kitu ni kazi ngumu kuliko kutia. Watu wanaosifu vitu "vya asili" aghalabu hulisahau jasho hili.

Turudi kwenye kivumishi. Wafaransa wenyewe walibishana kwa miaka mingi. Wengine walitaka divai hii iitwe ya asili, lakini wakulima wengine wakauliza: je, yetu ni ya uongo? Isitoshe, sheria ya Ufaransa ilikuwa na kundi la divai tamu liitwalo "vin doux naturel", yaani divai tamu ya asili, na kinyume na jina lake, hiyo hutiwa pombe kali ili isiendelee kuchacha! Mwaka wa 2020 wakafikia maafikiano: jina "vin méthode nature", ambalo halisemi kwamba divai ni ya asili bali kwamba njia ya kuitengeneza ni hiyo. Masharti yake yako wazi. Zabibu ziwe za kilimo hai kilichothibitishwa, zichumwe kwa mkono, zichachuke kwa chachu zilizokuja nazo, na zisiongezwe kitu. Kuna nembo mbili: moja ya divai isiyoongezwa salfaiti kabisa, nyingine ya ile iliyotiwa chini ya miligramu 30 kwa lita. Linganisha na kiwango cha Ulaya kwa divai nyekundu ya kawaida isiyo tamu, ambacho ni hadi miligramu 150. Shamba la Lapierre, ambalo sasa liko mikononi mwa watoto wake, limerahisisha zaidi: divai yao ya Morgon huwekwa herufi N ikiwa haikutiwa salfa na S ikiwa imetiwa kidogo. Herufi moja, ukweli wote. Ningependa kuona unyoofu huo kwenye pakiti zetu za maziwa.

Katika Kiswahili chaguo ziko nyingi, na kila moja ina mwiba wake. "Divai halisi" inaleta ugomvi ule ule, kwani kinyume cha halisi ni bandia. "Divai tupu" inavutia, maana tunasema chai tupu na ugali mtupu tukimaanisha kisichoambatana na kingine, ila mteja anaweza kudhani anauziwa chupa isiyo na kitu. "Divai asilia" si mbaya, lakini asilia huelekea kwenye maana ya kuwa wa mwanzo au mwenyeji wa mahali, kama tunaposema jamii asilia. Wapo wanaopendekeza "divai ya kienyeji" kwa kufuata kuku wa kienyeji. Kuku wa kienyeji amepata cheo. Mjini bei yake inamshinda wa gredi. Pombe ya kienyeji haijapata bahati hiyo. Hapa Kenya maneno hayo mawili yakikutana, msikilizaji huona magari ya polisi na mitungi ikipinduliwa.

Na hili si suala la msamiati peke yake. Mgema wa Kilifi au Kwale anatengeneza kinywaji kwa kanuni zilezile zilizoandikwa kwenye masharti ya Wafaransa: anavuna kwa mkono, chachu ni ya mahali, hakuna kilichoongezwa. Kisha mwenziwe wa Ufaransa hupewa nembo, naye mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja na wapishi wa chang'aa, ambayo ni pombe ya kukenekwa na haihusiani kabisa na tembo. Mangwe hufungwa, vibuyu hupasuliwa, na gazetini tunaandika "pombe haramu" bila kutofautisha. Sidai kwamba tembo halilevi. Linalevya, na walioangamia kwalo wapo, kama walivyo walioangamia kwa divai ya Ufaransa. Ninachodai ni kwamba anayeandika sheria au habari ana wajibu wa kujua kipi kimechachuka, kipi kimechachushwa na kipi kimekenekwa, kwani lugha aliyonayo inamruhusu kutofautisha.

Pendekezo langu kwa mfasiri lilikuwa "divai isiyotiwa kitu". Kitenzi tia ndicho kilichomo katika methali, na mzungumzaji wa Kiswahili husikia mara moja kinachokanushwa.

Sasa umri. "Vieilles vignes" ni maneno yanayopatikana kwenye vibandiko vingi vya Ufaransa, ila sheria haikuwahi kuyawekea kikomo. Mkulima wa miaka 25 ya mizabibu anaweza kuyaandika na wa miaka 90 pia. Mwaka wa 2024 Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Divai liliamua kwamba mzabibu wa umri huu ni ule uliofikisha angalau miaka 35 kwa ushahidi wa hati, na shamba lihesabiwe hivyo ikiwa asilimia 85 ya mizabibu yake imetimiza umri huo.

Kivumishi chake kwa Kiswahili ni kipi? Tumeshaona kwamba "wa zamani" haufai. Kuukuu ni ya nguo iliyochakaa, na wasomaji wa Biblia wanaikumbuka kwa viriba vilivyokaribia kupasuka. Kumwambia mtu mzabibu wake ni kuukuu ni kumtukania shamba. "Wa kale" hutupeleka kwa Warumi. -zee ingefaa, ila hubeba dhana ya kuishiwa nguvu. Kongwe ndiyo yenyewe. Husemwa kuhusu mwanasiasa mkongwe na mwanamuziki mkongwe, ambao umri wao ni sehemu ya thamani yao na ambao bado wako jukwaani. Mizabibu mikongwe iko vivyo hivyo. Hutoa vichala vichache, mizizi yake imezama chini, na haiyumbishwi upesi na ukame wa mwaka mmoja. Kwamba divai yake lazima iwe bora, hilo wataalamu bado wanalijadili, na mimi si mtu wa kuamua. Lisilojadiliwa ni kwamba ina mavuno haba, na kitu chenye mavuno haba hung'olewa.

Afrika Kusini ilikuwa inaing'oa. Zabibu za mizabibu mikongwe zilipelekwa katika maghala ya ushirika, zikachanganywa na nyinginezo, zikalipwa kwa uzani. Rosa Kruger alianza kuitafuta mizabibu hiyo na kuiorodhesha mwaka wa 2002. Mradi uliozaliwa kutokana na orodha hiyo ukaanzishwa rasmi mwaka wa 2016, na tangu 2018 chupa za divai ya mizabibu ya miaka 35 au zaidi hubandikwa muhuri wenye mwaka ambao shamba lilipandwa. Mwaka huo ukishaandikwa, mnunuzi anajua analipia nini, na mkulima anapata sababu ya kuliweka shoka chini.

Waaustralia wa bonde la Barossa walikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1980 serikali yao iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu, na mingi ya umri mkubwa ikapotea. Mwaka wa 2009 iliyosalia ikawekwa katika madaraja manne yenye majina: ya miaka 35, ya miaka 70, ya miaka 100, na ya miaka 125. Daraja la kwanza tunalo tayari, mzabibu mkongwe. La pili huitwa kwa neno la aliyenusurika, nasi tunalo: mzabibu manusura. La tatu litakuwa mzabibu wa karne. La nne wamelipa jina la mababu, na hapo nisingesita hata kidogo: mzabibu mhenga. Kiwango hicho cha mwisho ni adimu mno Ulaya, kwa kuwa mdudu filoksera aliiangamiza mizizi ya mizabibu ya bara hilo katika nusu ya pili ya karne ya 19. Barossa hajawahi kufika.

Yamebaki maneno mawili matatu ya kawaida. Mvinyo ni Kireno, "vinho", lakini kwa matumizi ya Kenya umepanuka ukawa kileo chochote kile, pamoja na vikali. Divai, inayonasibishwa na "du vin" ya Kifaransa, kama "divay" ya Wamalagasi, imebaki na zabibu, kwa hivyo mfasiri aishike hiyo. Zabibu yenyewe ni Kiarabu, na kwa Waarabu ni tunda lililokaushwa; bila shaka mwambao wetu ulilijua kavu, ndani ya jahazi, kabla ya kuliona bichi. Na kwa maji ya zabibu yaliyokamuliwa, ambayo mwanafunzi wangu alitaka kuyaita "juisi", wakulima wa Dodoma, wanaovuna mara mbili kwa mwaka, wana neno lao la kazi: mchuzi. Wanauza mchuzi wa zabibu kwa viwanda. Mkenya aliyezoea kumiminia mchuzi juu ya ugali atacheka kwanza, lakini neno hilo linatumiwa na watu wenye mizabibu, na hao ndio wenye haki ya kulichagua.